Mwacheni Mkulima Apime Tena

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya wanachama wa vyama vya msingi, yaani vyama vya ushirika vinavyokusanya korosho za wakulima, wafanyabiashara na wanafunzi wa vyuo)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Nakushukuru Mwenyekiti, na nakushukuru wewe mama uliyesogeza kiti ili nipate pa kuweka dumu langu. Lina maji, lita 20 kamili. Lisimwagwe, nitalirudia.

Nimefundisha hesabu huko juu, uwanda wa Makonde, mpaka nilipostaafu. Wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili kwenye mikutano ya kijiji, kwenye matanga, hata ndani ya basi la Newala. Nalisema tena kwa sababu bado halijafanyika.

Jambo lenyewe ni hili: mwacheni mkulima apime tena. Linalomzuia ni neno moja: "Huniamini?" Ukimwomba karani arudie kupima gunia, anakuuliza, "Huniamini?" Ukimwambia wakala wa pesa asubiri uangalie salio, "Huniamini?" Ukimuuliza kiongozi wa chama haya makato ni ya nini, "Kumbe hamtuamini!" Basi mtu anaona haya, ananyamaza, anakwenda nyumbani na dukuduku lake. Kwetu kumwambia mtu mzima kwamba humwamini ni kumtukana, na wajanja wanalijua hilo.

Sasa sikilizeni kisa cha dumu.

Mwaka mmoja nilikuwa nafundisha darasa la sita vipimo. Nikawaambia watoto, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ukiwa na maji na kopo la lita huna haja ya kuogopa mizani ya mtu yeyote. Nilisema kama mwalimu anavyosema mambo, kisha nikaendelea na somo. Binti mmoja hakuendelea. Akalibeba neno lile mpaka nyumbani kwa mama yake, na mama yake alikuwa na magunia kumi na mawili ya korosho ya kupeleka chama cha msingi wiki ile.

Siku ya kupima, yule mama alifika na magunia yake na madumu mawili ya maji. Mnaotoka Mikindani au Lindi mjini huenda hamjaelewa uzito wa jambo hilo. Kule juu maji ni mali. Bomba likikatika, mtu anateremka bondeni alfajiri na kupanda mlima na dumu kichwani, au ananunua. Watu walipoona maji yanapelekwa kwenye mizani walidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Akasema, "Karani, kabla ya korosho zangu, nipimie maji haya." Binti alikuwa ameyajaza kwa kopo la lita moja, kopo 20 kila dumu, anahesabu kwa sauti.

Karani akawaka. "Mama, huniamini?" Foleni nzima ikamzomea yule mama kwa kuwachelewesha. Lakini hakuondoka. Mwishowe karani akayapandisha madumu kwa hasira, namba zikawaka: 40. Hapo ndipo alipocheka. "Lita 40, kilo 40! Umeridhika?" Watu wakapiga makofi.

Yule binti, mtoto wa darasa la sita, akauliza kwa sauti ndogo: "Na madumu je?"

Kimya.

Dumu tupu nalo lina uzito. Wakachukua mawili mengine matupu ya aina ileile, wakayapeleka kwenye mizani ya mwenye duka jirani: kilo mbili. Kwa hiyo mizani ya chama ilipaswa kusoma 42. Kilo mbili zilikuwa zimemezwa mbele ya macho ya watu wote, na watu wote walikuwa wamepiga makofi.

Mnangoja niseme karani alikuwa mwizi. Hakuwa mwizi. Mmoja wa makuli aliinama, akachungulia chini ya mizani. Ile ilikuwa mizani ya bamba, imewekwa juu ya udongo wetu wa kichanga, na msimu mzima mchanga ulikuwa umejisukuma na kujaa chini ya bamba. Mchanga ukawa unabeba sehemu ya mzigo, mizani inasoma kilichobaki. Wakaufukua kwa jembe, wakaweka mbao mbili zilizonyooka, wakapandisha madumu tena. 42. Yule karani akakaa chini, juu ya gunia, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Misimu mitatu alikuwa anaitwa mwizi kijijini. Wanawe walipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo. Niliwaamua mimi mwenyewe. Na misimu mitatu mtu akimwomba apime tena, alijibu kwa neno lile lile, "Huniamini?", kwa sababu alijua moyoni mwake kwamba haibi. Moyo wake ulikuwa safi na mizani yake ilikuwa mbovu. Angekubali kupimwa siku ya kwanza, angeokoa kilo za watu na angeokoa jina lake.

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, kilo mbili tu!" Naomba kalamu zitoke. Gunia la korosho ni kilo 80; tuseme mchanga unameza kilo mbili tu kwa kila gunia. Tuseme bei ni shilingi 3,300, ile ambayo Serikali ilitangaza Novemba 2018 ilipoamua kununua korosho yenyewe na kuwatuma wanajeshi kuzibeba. Kilo mbili ni shilingi 6,600 kwa gunia. Yule mama na magunia yake kumi na mawili: 79,200. Hiyo ni sare na madaftari ya mtoto anayekwenda sekondari. Sasa chukua chama chenye wakulima 400, kila mmoja magunia kumi: magunia 4,000, kilo 8,000, shilingi 26,400,000. Kwa mizani moja na mchanga. Sijaweka mwizi hata mmoja kwenye hesabu hiyo. Mwekeni ninyi, mjumlishe.

Mwingine atasema, "Lakini kuna unyaufu, korosho zinapungua uzito zikikaa ghalani, lazima chama kijikinge." Kweli, korosho hukauka. Mimi sikatai unyaufu, nakataa unyaufu wa gizani. Kama ni nusu kilo kwa gunia, iandikwe ubaoni, isomwe mkutanoni, ikatwe kwenye karatasi ambayo mkulima anaiona. Ukiikata kwa kuifanya mizani iseme uongo, hiyo si kinga tena. Na chama ambacho misimu yote mitatu hakikuwahi kupungukiwa hata kilo korosho zilipopimwa tena ghala kuu, ilibidi mtu mmoja ajiulize kwa nini. Hakuna aliyejiuliza. Tulikuwa tunasifiana.

Nimeanza kuona nyuso zinauliza habari ya kangomba, ule ununuzi wa magendo nje ya chama. Haya, tuiseme. Mnunuzi wa kangomba anakuja usiku na kopo lake, analiita kilo, na kila mtu anajua kopo lile linabeba zaidi ya kilo. Ni kosa kisheria, na linawaumiza watu wetu. Msiseme nimelitetea. Lakini mbona mkulima mwenye akili timamu anamuuzia? Njaa ni sababu ya kwanza, hela ya unyago ni ya pili, mgonjwa ndani ni ya tatu. Ya nne hamtaki kuisikia: kopo la kangomba analiona. Anajua anapunjwa kiasi gani, na anapewa hela mkononi muda uleule. Akienda chama anaona kisanduku chenye namba zilizomgeukia karani, anapewa karatasi, anangoja. Mtu akilinganisha hasara anayoiona na hasara asiyoiona, wakati mwingine anachagua ile anayoiona. Tukitaka kangomba life, tuifanye mizani yetu iwe wazi kuliko kopo lao. Polisi peke yao hawataliua.

Haya ndiyo niliyowaambia vijana wa chuo wiki iliyopita wakanijibu, "Mwalimu, teknolojia itamaliza hayo." Wanangu, teknolojia gani? Mizani ya zamani, ile ya saa yenye mshale, mkulima asiyejua kusoma aliuona mshale ukisimama wapi. Ya kidijitali ni sahihi zaidi, nakubali, lakini kioo chake kinatazama upande mmoja, na mara nyingi upande huo si wa mwenye korosho. Kioo cha pili kinachomtazama mkulima si jambo la ajabu; zipo mizani zinazouzwa nacho. Ni nani aliyeamua kwamba kwetu hakihitajiki?

Tazameni mnada. Zamani barua za wanunuzi zilifunguliwa mbele ya wakulima, zikasomwa moja moja. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mimi naupenda mfumo ule, nasema bila kuficha. Mkulima anakaa uwanjani anaona bei kwenye skrini. Lakini baada ya bei yanakuja makato: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri. Bei inaoneshwa kwa herufi kubwa kama za harusi, makato yanakuja kimyakimya. Mkulima anapiga hesabu kwa bei ya skrini, benki anakuta namba nyingine. Hata kama kila shilingi imekatwa kihalali, ameshaondoka na neno "wizi" mdomoni. Yawekeni makato kwenye skrini ileile, saa ileile. Mnakumbuka Liwale, Aprili 2013. Malipo yalikuja chini ya watu walivyotarajia, na nyumba za watu zikateketea. Waliochoma walifanya uovu, na moto ule haukumrudishia mkulima hata senti. Lakini kabla ya moto kulikuwa na maswali, na maswali hayakujibiwa kwa hesabu.

Na hapa nakasirika, mnisamehe. Mkulima huyu anapimwa na kila mtu. Akitaka laini ya simu, alama za vidole. Akitaka akaunti, kitambulisho cha NIDA. Mwaka ule wa 2018 alihakikiwa mpaka shamba, watu wakaenda kuiona mikorosho yake kabla hajalipwa, isije ikawa ni kangomba. Je, aliwauliza, "Hamniamini?" Alitoa kidole, akatoa kitambulisho, akawapeleka shambani. Anapimwa tangu asubuhi hadi jioni wala hanung'uniki, kisha yeye akiomba gunia lake lipimwe mara ya pili anaambiwa ana dharau. Uaminifu gani huo wa kwenda upande mmoja?

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilikuwa na mengi ya simu, nitayapita mbiombio.

Wafanyabiashara, hasa akina mama wa soko kuu na vijana wa bodaboda: ujumbe wa simu si pesa. Mtu akikuonesha ujumbe kwamba amekutumia, sema ahsante, fungua salio lako mwenyewe. Hilo ndilo dumu lako la maji. Akikuuliza "Huniamini?", mwambie nakuamini, na bado naangalia. Zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekeni namba 15040. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, maana alama ya kidole uliyomwekea kijana wa mtaani mara mbili mbili, "mtandao unasumbua", huenda imezaa laini usiyoijua.

Mikopo ya kwenye simu. Hii ilihitaji mhadhara wake. Programu inakupa elfu hamsini, na kabla ya hapo inaomba kuona namba zote za simu yako. Ukichelewa, mkweo anapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Anayedhalilishwa apeleke malalamiko. Kabla ya kubonyeza "kubali", uliza ina leseni ya nani. Nilitaka kusema pia habari ya riba inavyofichwa ndani ya "ada", lakini basi, muda.

Nimebakiza ombi moja kwa viongozi wa vyama mliokaa mstari wa mbele. Msimu unaanza. Kila kituo cha kupimia kiwekewe sakafu ngumu au mbao, kioo kiwageukie wakulima, na pembeni ya mizani lisimame dumu moja la maji la kijiji, limejazwa kwa kopo mbele ya watu, limeandikwa uzito wake pamoja na dumu. Asubuhi kabla ya gunia la kwanza, dumu linapanda. Mchana linapanda. Mtu yeyote akiomba, linapanda. Wakala wa Vipimo wana kazi yao na stika yao, na dumu halichukui nafasi yao. Lakini mkaguzi hawezi kuwepo kila siku katika kila kijiji, na mchanga upo kila siku.

Hili hapa nimekuja nalo, kilo 21 na dumu lake. Nimeambiwa kuna mwenye mizani ya ufuta hapo nje, ameiacha kwenye gari. Kijana, kamlete. Na wakati tunamngoja, maswali yaanze na yule dada aliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Amenyoosha mkono tangu nilipotaja makato.