Jinsi ya kupika ubuyu wa Zanzibar ukianzia na buyu zima

Haya wapendwa karibuni tena jikoni, leo napika ubuyu ila sianzi na ule wa kwenye kimfuko, naanza na buyu lenyewe hili hapa, limetoka Dodoma.

Kwanza litikise sikioni. Likilia kachakacha ndani ujue limekauka. Sasa ligonge na jiwe, taratibu, ukilipasua kwa nguvu ubuyu wote chini. Mnaona? Mweupe, mkavu, na hakuna aliyeuanika, umejikaukia wenyewe humo ndani. Ukikuta umekuwa wa kahawia unanuka ukungu, tupa.

Toa hizi nyuzi nyekundu, kisha mumunya punje moja hivihivi. Uchachu huo usiuzike kwa sukari jamani, ndo utamu wenyewe.

Unga unaobaki chini ya bakuli usimwage, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, chuja, hiyo ni juisi. Usiichemshe maana vitamini C inapotea. Na kifuu hiki bibi zetu walikuwa wanachotea maji. Huko Ugogoni majani ya mbuyu ni mboga, na Ukambani kina mama walisuka viondo kwa nyuzi za gome lake, na mbuyu ukiubandua gome kwa kiasi haufi, linaota tena. Mti mmoja huo!

Tuendelee. Ubuyu vikombe 4 uweke pembeni. Kwenye sufuria tia maji kikombe 1, sukari kikombe 1 na nusu, rangi nyekundu ya chakula nusu kijiko cha chai, iliki ya kusaga, pilipili ya unga kadiri unavyoiweza na chumvi kidogo sana. Acha ichemke mpaka iwe shira. Hapa ndo wengi wanaharibu, kwahiyo usikisie, dondoshea tone kwenye kisahani, lipoe, libane kwa vidole viwili halafu uachanishe, ukiona uzi unavutika tayari. Shira ikiwa bado majimaji inaulowesha ubuyu, unga wote unavuka unabaki na mbegu tupu.

Punguza moto, mimina ubuyu, geuza harakaharaka mpaka kila punje ishike rangi na sufuria ikauke. Mwaga kwenye sinia, tenganisha zilizogandana ungali wa moto, tumia mwiko sio mkono, shira inaunguza vibaya.

Ukishapoa kabisa ndo utie kwenye chupa kavu yenye mfuniko, ukiuacha wazi unanyonya unyevu, kesho unaukuta umeshikana wote.