Makofi si kura: maneno kwa wajumbe wapya wa wanafunzi, kampasi ya Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi

Ndugu CP wote, ninyi viongozi wa promosheni (madarasa), wajumbe wa vitivo, na ninyi wa nyuma kule mliokuja kwa sababu mlisikia kutakuwa na sukre, yaani soda: karibuni. Sukre ipo, lakini inatoka mwisho.

Nimeombwa nieleze namna baraza la wanafunzi linavyofanya kazi na kukata maamuzi. CP anachaguliwaje, delege wa kitivo anatoka wapi, msemaji anakaa wapi mbele ya komite ya usimamizi: hayo mnayajua, mmeyapigania juzi tu, na karatasi zenu za kampeni bado zimebandikwa kwenye kuta za homu, mabweni yetu. Nayaruka. Naanza pale ninapoanziaga kila mwaka, na walionisikia mwaka jana wavumilie. Makofi si kura.

Angalieni kikao chetu cha kawaida. Ukumbi umejaa, wengine wananing'inia madirishani. Mwenye sauti anapanda mbele: "Wenzangu, tunakubali ao hatukubali?" Ukumbi unalipuka. Mwenyekiti anatangaza kwamba imepita. Imepita nini? Maneno yenyewe yameandikwa na nani? Waliokaa kimya ni wangapi? Na yule dada wa safu ya tatu aliyenyoosha mkono akitaka kuuliza swali, alipewa nafasi saa ngapi?

Tabia hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1970 wazee wetu walipewa karatasi mbili za kura ya rais: ya kijani ya matumaini, na nyekundu ya machafuko. Mgombea mmoja, Mobutu, na unachagua mbele ya macho ya watu. Mwaka 1975 hata karatasi zikaonekana ni usumbufu: orodha ya wabunge ikasomwa hadharani, watu wakapiga makofi, bunge likapatikana. Huku vyuoni, UGEC, chama cha wanafunzi kilichozaliwa 1961, kilipigwa marufuku mwaka 1968, JMPR, vijana wa chama cha Mobutu, ikabaki peke yake. 1971 vyuo vikaunganishwa kuwa UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, na hiki chetu kikakaa humo mpaka 1981. Waliotufundisha kuendesha vikao walijifunzia huko. Kwa hiyo mtu akiniambia "sisi ni kizazi kipya, hatukumjua Mobutu," ninamwambia: sawa, lakini mwenyekiti wako anaendesha kikao kama aliyemjua vizuri sana.

Niwape kisa. Taasisi siitaji, iko humu humu mjini, na baadhi ya wahusika leo ni wakubwa wenye vitambi. Tarehe ya mwisho ya kulipa pesa za masomo ilikuwa imefika, mitihani inakaribia, na anayedaiwa haingii. Wanafunzi wakaitana. Hoja ikatolewa: hakuna atakayeingia kwenye mtihani mpaka tarehe isogezwe mbele. Makofi, nyimbo, meza zikapigwa. Wajumbe watano wakapeleka barua.

Usimamizi haukugomba. Uliuliza maswali tu. Kikao kiliitishwa na nani? Ajenda ilibandikwa lini kwenye valvu, ubao wa matangazo? Mlikuwa wangapi? Wa kwanza akasema mia nne. Wa pili akasema mia mbili na kitu. Wa tatu, maskini, akasema: "Tulikuwa bengi, papa. Bantu bote balikubali." Kumbukumbu iko wapi, ile PV? Haikuwepo. Katibu siku ile alikuwa anapiga picha. Wakaambiwa: "Basi huu si uamuzi wa wanafunzi. Ni wenu ninyi watano." Kisha wakapewa barua za kufika mbele ya baraza la nidhamu, kila mmoja na yake.

Asubuhi ya mtihani ukumbi ulijaa. Wale waliopiga meza kwa nguvu kuliko wote walikuwa wamekaa mbele, kalamu mkononi. Msiwalaumu. Hakuna aliyewahesabu, hakuna aliyeandika kwamba walikuwepo, kwa hiyo hawakuwa wamevunja neno lolote.

Mtaniambia: "Papa, hata wangekuwa na PV wangeonewa tu." Inawezekana. Lakini fikiria karatasi yenye tarehe, ajenda, orodha ya waliosaini mlangoni, hoja neno kwa neno, waliokubali, waliokataa, waliojizuia, na saini ya mwenyekiti na ya katibu. Ukiwaadhibu watano mbele ya karatasi hiyo, umeadhibu kikao kizima, na itabidi uandike sababu. Mkubwa anayetaka kukuonea asikukute umemfanyia nusu ya kazi.

Mwingine atasema kuhesabu mikono ya watu mia tatu kunakula muda. Hivi ninyi ndio wa kuniambia habari za muda? Mnamngoja mgeni wa heshima saa mbili nzima mkipigwa na jua! Gaweni ukumbi kwa safu, wekeni wahesabu wawili, mmoja wa upande wa ndiyo na mmoja wa upande wa hapana, wazunguke pamoja. Wakitofautiana, wanarudia safu hiyo tu. Na mtu wa upande wa hapana akishahesabu mwenyewe, kesho hawezi kusema ameibiwa.

(Makofi.)

Hapana, jamani. Hata hapa?

Sasa hesabu zenyewe, maana ndipo mnapokwama. Tuseme baraza lina wajumbe 40. Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, kama katiba yenu inasema zaidi ya nusu, ni 21. Wamekuja 24, kikao ni halali. Hoja imepata ndiyo 11, hapana 6, na 7 wamejizuia. Imepita? Wewe wa koti la bluu, unasemaje? Anasema imepita. Jirani yake anasema haijapita. Wote wawili wanaweza kuwa sawa! Kama kanuni inataka wingi wa kura zilizopigwa, 11 imeishinda 6. Kama inataka wingi wa waliohudhuria, ilihitajika 13, na hoja imekufa. Wale saba waliodhani wamekaa pembeni ndio walioiua. Ikiwa kanuni yenu inasema "wengi" tu bila kufafanua, mnakwenda kugombana usiku kucha, na atakayeshinda ni yule aliye karibu na doyeni, mkuu wa kitivo. Rekebisheni sentensi hiyo kabla ya kuingia kwenye jambo lolote lenye pesa.

Akidi inahesabiwa mwanzoni, ndiyo, lakini mjumbe yeyote ana haki ya kuomba ihesabiwe tena kabla ya kura. Kuna mafundi wa kungoja. Jambo lao wanaliweka mwisho wa ajenda, saa kumi na mbili, umeme umekatika, watu wameondoka kutafuta basi la mjini, wamebaki kumi na wawili, kumi kati yao ni wa homu moja. "Tupitishe haraka haraka." Msipitishe. Kilichoamuliwa na kumi na wawili kati ya arobaini ni maongezi ya jioni.

Kuhusu kura ya siri sitasema mengi. Mnapochagua mtu, au mnapomwondoa, iwe siri, hata kama mgombea ni mmoja. Mambo ya pesa na msimamo wa baraza yaamuliwe kwa mikono ya wazi, ili waliokutuma wajue umewafanyia nini. Na pale ambapo mjumbe anaweza kuumizwa kwa sababu ya kura yake, rudini kwenye siri. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa hapa hapa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Kabla ya usiku ule watu walikuwa wameanza kutazamana, nani ni jicho la nani, yaani nani anampelelezea nani. Chuo chenye kumbukumbu hiyo hakihitaji kufundishwa kwa nini kuna wakati kura ya mtu inafichwa.

Naona moderata ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo manne mengine, nitayakimbilia.

Kikundi cha WhatsApp si kikao. Kinafaa kutangaza ajenda. Vidole gumba themanini havina akidi, na baadhi yake ni vya watu waliohitimu zamani.

Hoja moja kwa wakati mmoja. Yuko mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliyepewa kuongoza kikao cha kanisa mwaka 1863, kikamshinda kwa vurugu, akaenda kujifunza mpaka akatoa kitabu cha kanuni za vikao mwaka 1876 ambacho nchi yake inakitumia mpaka leo. Kwake, anayetaka kubadili hoja analeta marekebisho, yanapigiwa kura kwanza, kisha hoja yenyewe. Na ukitaka kufunga mjadala wakati wengine bado wanataka kusema, ulete theluthi mbili. Hii ya theluthi mbili ichukueni kama ilivyo, maana hapa kwetu mjadala unafungwa na mwenye kipaza sauti.

Uchaguzi. Kenya waliandika katika sheria mwaka 2016 kwamba wanafunzi wachague wawakilishi, nao wawakilishi ndio wachague viongozi. Kuna wanaodai vurugu za kampeni zimepungua, na kuna wanaodai mwanafunzi amenyang'anywa sauti. Mimi niko na hawa wa pili, lakini mjadala huo ni wa siku nzima.

Bajeti ndiyo nilitaka kuisema zaidi, na ndiyo inayoumia kila mwaka. Kwa kifupi: pesa zisitoke kwa saini ya mtu mmoja, na mchango mpya usijadiliwe kabla mweka hazina hajasoma ulikwenda wapi ule wa zamani, risiti mkononi. Mkutano wa msiba, safari ya masomo, fulana za kitivo, vyote. Akisema risiti ziko nyumbani, ajenda inahamia jambo linalofuata mpaka azilete.

Basi. Maswali, na kila mmoja aseme jina la promosheni yake kwanza, katibu aandike.