Mkojo Ukibana Ghafla: Utafiti Umegundua Nini?

HALIMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, tupo Moshi. Mimi ni Halima, niko na kaka Godlisten. Leo tunazungumzia shida ya mkojo kubana ghafla, inayofanya mama zetu wengi waogope kupanda Coaster ya kwenda Arusha.

GODLISTEN: Kilomita kama 80, dada, na dereva hasimami kwa ajili ya abiria mmoja. Kwa hiyo mama anaondoka nyumbani hajanywa hata chai.

HALIMA: Na khanga ya pili iko kwenye mkoba. Tueleze, kibofu kimepatwa na nini?

GODLISTEN: Ukuta wa kibofu ni msuli. Unatakiwa utulie mkojo ukiwa unajaa, ujikaze ukishafika chooni. Kwa watu hawa unajikaza wenyewe kabla ya wakati. Haja inakuja ghafla, na wengine mkojo unawatoka kabla hawajafika mlangoni. Ni tofauti na mkojo unaotoka ukikohoa au ukiinua ndoo. Na siyo fistula, lile tundu linalovujisha mkojo.

HALIMA: Hapo nisisitize. Dada yangu, kama tangu ujifungue mkojo unavuja muda wote, mchana na usiku, nenda hospitali. Hiyo mara nyingi inahitaji upasuaji.

GODLISTEN: Kabisa. Na hata hawa wengine mkojo upimwe kwanza, maana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, sukari na kichocho vinaweza kuleta dalili hizo hizo.

HALIMA: Haya, tuje kwenye tiba. Kuna utafiti wa 1998, tueleze.

GODLISTEN: Wa Kathryn Burgio na wenzake, Marekani, ulitoka kwenye jarida la JAMA. Wanawake 197, wa miaka 55 hadi 92, waligawanywa kwa kura makundi matatu. Wa kwanza walifundishwa kutawala misuli ya nyonga. Wa pili walipewa oksibutinini, dawa ya kutuliza msuli wa kibofu. Wa tatu walipewa kidonge kisicho na dawa ndani. Kila mmoja aliandika kwenye daftari kila mkojo ulipomtoka. Baada ya wiki nane, kundi la mazoezi lilipungukiwa na matukio hayo kwa asilimia 80.7, la dawa 68.5, na la kidonge kitupu 39.4.

HALIMA: Subiri kwanza. Kidonge kitupu karibu asilimia 40?

GODLISTEN: Ndiyo maana nang'ang'ania hilo kundi la tatu! Anayeandika daftari huenda akaanza kujifahamu, na kusikilizwa tu kunampa mtu nguvu. Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya mizizi pale stendi akikwambia wateja wake wamepona, muulize amewalinganisha na nani.

HALIMA: Wafundishe hayo mazoezi, kaka.

GODLISTEN: Haja ikikushika, usikimbie. Simama, au kaa. Kaza ile misuli ya kuzuia hewa isikutoke, achia, kaza tena, achia, haraka haraka mara tano sita. Tumbo usilibane, pumzi usiizuie. Haja itapanda, halafu itatulia. Ikishatulia ndipo uende chooni, kwa mwendo wako wa kawaida.

HALIMA: Mama mwenye ndizi zake Kiboriloni anafanya hivyo huku anamhesabia mteja chenji, na hakuna atakayejua.

GODLISTEN: Hakuna. Ila asijinyime maji, mkojo mzito unakichokoza kibofu. Chai na kahawa ndizo apunguze, ingawa najua ni neno zito kwa Mchagga.

HALIMA: Mazoezi yakigoma?

GODLISTEN: Kuna vidonge. Oksibutinini hukausha mdomo na kufunga choo, na tafiti zimehusisha dawa za kundi lake na kupotea kwa kumbukumbu kwa wazee. Bibi wa miaka 80 asiandikiwe kirahisi. Mirabegroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, inafanya kazi kwa njia nyingine, ila presha iangaliwe. Kisha kuna sindano ya Botox, dawa ya kulegeza msuli, kwenye ukuta wa kibofu. Mwaka huo huo wa 2012 ililinganishwa na vidonge vya kundi la oksibutinini: kwa wastani matukio yalipungua karibu sawa, lakini waliopona kabisa walikuwa asilimia 27 kwa sindano na 13 kwa vidonge. Upande wa pili, UTI iliwapata asilimia 33 ya waliochomwa, dhidi ya 13, na asilimia 5 walihitaji kuwekewa mpira wa mkojo.

HALIMA: Mimi nataka tafiti hizi zifanyike zaidi huku kwetu. Hospitali yetu ya KCMC hapa Moshi wana madaktari wa mfumo wa mkojo, na taasisi ya utafiti, KCRI, iko hapo hapo. Mwanamke ambaye choo chake kiko nje, nyuma ya migomba, anaamka usiku mara nne na tochi mkononi. Huwezi kumpima sawa na mwenye choo chumbani.

GODLISTEN: Na ukiombwa kushiriki utafiti wowote, mama, fomu ya ridhaa usomewe kwa Kiswahili mpaka uielewe. Uliza nauli inalipwa na nani. Uliza kibali cha maadili, na kama ni majaribio ya dawa, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na ukitaka kujitoa katikati, unajitoa, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea kama kawaida.