Mlima wa Ngamiani: namna ya kusoma grafu za mwendo
*Mhadhara kwa walimu wa fizikia, Tanga*

Walimu wenzangu, nitasema yaleyale. Anayetaka kusinzia asinzie, ila asiniletee tena daftari lililoandikwa "baiskeli ilipanda mlima".

Tazameni ubaoni. Kijana katoka kwao Ngamiani kwa baiskeli. Mhimili wa wima ni umbali kutoka kwao, kwa mita. Wa ulalo ni muda, kwa sekunde. Mstari unapanda hadi mita 200 kwa sekunde 40, unalala hadi sekunde ya 60, kisha unashuka hadi sifuri sekunde ya 110. Mwulize mwanafunzi: kapanda mlima, kapita tambarare, kateremka. Mlima, Ngamiani! Labda umeazimwa Lushoto.

Kaenda, kasimama, karudi. Basi. Kwenda ni 200 gawa kwa 40, mita 5 kwa sekunde. Kati ni sifuri. Kurudi ni hasi 200 gawa kwa 50, yaani hasi 4, na hasi hiyo maana yake anaelekea kwao, si kwamba anapunguza mwendo.

Sasa ulizeni kasi yake sekunde ya 100. Yuko mita 40 kutoka kwao, kwa hiyo darasa zima litagawa 40 kwa 100 na kujibu 0.4. Wamegawa namba za nukta moja! Kasi iko kwenye mteremko wa mstari: chukua nukta mbili juu ya mstari uleule, mabadiliko ya umbali gawa kwa mabadiliko ya muda. Bado ni hasi 4.

Najua mtaniambia silabasi ndefu, muda hakuna. Dakika 15 hamna? Lazeni uwanjani kamba ya mita 10, fundo kila mita. Mmoja apige makofi kila sekunde, mwingine aitembee grafu mtakayochora ubaoni kwa kipimo cha kamba hiyo. Mstari ukishuka naye akazidi kwenda mbele, wenzake watamzomea kabla hujafungua mdomo.

Grafu ya kasi kwa muda niliipangia nusu saa, nayo imeshaliwa. Kwa ufupi: mteremko ni mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, na eneo chini ya mstari ni umbali. Mistari miwili ikikatana hapo, baiskeli hazijakutana, zina kasi sawa tu. Zitoke mahali pamoja, wakati mmoja. Moja inakwenda mita 4 kwa sekunde bila kubadilika. Nyingine inaanza kutoka kusimama, ikiongeza 0.5 kila sekunde. Mistari inakatana sekunde ya 8, ya kwanza ikiwa mita 32, ya pili mita 16. Zinakutana sekunde ya 16, mita 64, maeneo yanapolingana.

Tepu ya nukta, haraka kabla chai haijapoa: ni ukanda wa karatasi unaovutwa na kitu kinachokwenda, mashine ikiupiga nukta kwa mapigo ya umeme. Umeme wetu ni hezi 50, yaani nukta 50 kila sekunde, kwa hiyo pengo moja kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02 na mapengo 10 ni 0.2. Hesabuni mapengo: nukta 11 ndizo zenye mapengo 10. Anayekata kwenye nukta ya 10 kachukua mapengo 9, na akigawa kwa 0.2 kasi zake zote zinapungua kwa asilimia 10. Halafu mashine inalaumiwa.

Haya, maswali.