Msiiue Siku ya Kikundi

Ndugu viongozi wa vikoba, maafisa ustawi wa jamii, akina mama na akina baba mliofika, asanteni kwa kunipokea.

Nimeombwa nizungumzie afya ya akili, na huenda wengi mlitarajia nianze na dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Nitaanza na kitu mlicho nacho tayari, yaani siku ya kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Ile Alhamisi au Jumamosi mnapoketi uani kwa mwenyekiti, sanduku linafunguliwa, hisa zinahesabiwa, mnabishana kidogo kuhusu faini, kisha chai. Ninyi mnaiita siku ya fedha. Mimi naihesabu miongoni mwa huduma za afya, na nina hofu kwamba tunaiua huku tukidhani tunairahisisha.

Mtu akielemewa na mawazo huanza kujitenga. Harusini haendi, msibani anatuma rambirambi, simu hapokei. Wala hatakuita umsaidie, kwa sababu maradhi yenyewe humshawishi kwamba yeye ni mzigo kwa wenzake. Kwa mtu huyo, rafiki anayesema "ukinihitaji nipigie" yuko mbali mno. Kinachomfikia ni kikao chenye siku yake, mahali pake na watu walewale, ambacho asipofika lazima mtu aulize, "Mama Asha mbona leo hayupo?"

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, eneo lililozika watu wengi sana kwa UKIMWI. Watu wenye sonona waliwekwa katika vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, wakakutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Aliyeongoza hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hukohuko aliyepewa mafunzo ya wiki mbili. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya wanavikundi walikuwa na sonona kwa vigezo vya kitabibu. Mwishoni ikabaki asilimia 6.5. Vijiji ambavyo havikupata vikundi navyo vilipata nafuu, lakini vilitoka asilimia 94 vikaishia 54.7.

Sisemi kuketi pamoja peke yake ndiko kulikofanya kazi yote. Viongozi wale walifundishwa namna ya kumsaidia mtu aseme kuhusu msiba, ugomvi wa nyumbani, au maisha yaliyobadilika ghafla. Ila wangemsaidia wapi, na lini, kama si kwenye kikao alichojua kwamba wiki ijayo kitakuwepo tena?

Harare, Zimbabwe, nao walianza na walichokuwa nacho. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kufanya kazi na kina bibi wazee wa mtaa wa Mbare, wanaoketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza. Utafiti wa 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninachokipenda zaidi ni kinachofuata. Mgonjwa hukaribishwa kwenye kundi la wenzake waliopita palepale, na huko husuka mikoba kwa plastiki zilizotumika huku wakizungumza. Wenzangu wa pwani mnalijua hili. Wanawake wanaosuka ukili pamoja husemezana mambo ambayo wakikalishwa uso kwa uso hawayatamki.

Okinawa, huko Japani, kuna vikundi viitwavyo moai. Kama upatu wetu, watu huchanga kila mwezi na kupokezana, na vingine hudumu miaka mingi hadi chakula na mazungumzo vikawa na uzito kuliko fedha. Nchi hiyohiyo, mwaka 2021, iliteua waziri wa kushughulikia upweke, miaka mitatu baada ya Uingereza. Nawaomba mlitafakari hilo mnapofikiria kufuta vikao.

Maana kwetu sasa hisa inatumwa kwa simu, muhtasari unawekwa WhatsApp, na watu wanaonana siku ya kugawana. Naelewa sababu: nauli, foleni, wezi wa masanduku. Fedha iende kwa simu, sina ugomvi nayo. Nagombania kikao. WhatsApp mtu ataandika "mi mzima, asanteni" naye hajala tangu jana. Uani hawezi kuwaficha, mtamwona alivyokonda.

Kuna jambo zito zaidi, na hili ni letu wenyewe. Aliyekosa hisa haji. Anaona aibu, anaogopa faini, anawaogopa wadhamini wake. Biashara imekufa, mume ameondoka, mtoto anaumwa: wiki anayowahitaji watu kuliko zote ndiyo wiki ambayo utaratibu wetu unamfukuza. Tena viko vikundi vinavyokwenda kubeba godoro na sufuria za mdaiwa mchana kweupe. Deni lazima lilipwe, fedha ni za wenzake. Lakini mwanamke aliyebebewa vyombo majirani wakitazama hawezi kurudi kuketi nanyi, na mmepoteza mtu pamoja na deni. Kijiwe cha kahawa cha wanaume hakina hisa wala faini, na bado aliyeachishwa kazi hukikwepa asije akaulizwa habari za kazini. Fikirini basi sisi tuliozidisha faini juu ya aibu.

Mnaporudi, fungueni katiba zenu. Andikeni kwamba asiye na hisa anakuja, anasaini mahudhurio, anakunywa chai, na deni lake linazungumzwa na watu wawili pembeni, si mbele ya kikao. Andikeni kwamba asiyeonekana mara mbili bila taarifa atatembelewa na wanachama wawili, nauli itoke mfuko wa jamii wa kikundi, na safari hiyo isiwe ya kudai. Wakimkuta anazungumzia kujiua, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, wasimwache peke yake. Wampeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na wapangane zamu ya kumsindikiza kliniki kila tarehe yake ya kurudi.

Nawakaribisha kwa maswali, hasa waweka hazina, maana najua hapo kwenye hisa hatujakubaliana.