Namna ya Kutambua Maana ya "take off" katika Sentensi

Karibuni, watazamaji. Leo tunajifunza kutambua maana ya "take off", kitenzi cha Kiingereza ambacho maana zake nyingi hazipatikani kwa kuunganisha maana ya "take" na ya "off". Andaeni daftari na kalamu.

Kabla ya kufungua kamusi, tafuteni shamirisho, yaani kitu kinachotendwa. Katika sentensi iliyo kwenye skrini, "The plane took off", shamirisho halipo. Ndege yenyewe ndiyo iliyopaa. Shamirisho likikosekana, tazameni kiima, yaani mtu au kitu kinachotenda, kwa kuwa ndicho kinachoamua: biashara katika "Her business took off" ilianza kufanikiwa kwa kasi, ilhali mtu katika "He took off without a word" aliondoka ghafla bila kuaga.

Shamirisho likiwapo, chunguzeni ni la aina gani. Likiwa nguo, viatu au miwani, maana ni kuvua; likiwa siku au wiki, kama katika "I took Monday off", maana ni kupumzika kazini kwa muda huo. Waingereza husema pia "take someone off" kwa maana ya kumwigiza mtu ili kuchekesha, lakini matumizi hayo ni nadra, na anayeanza asiyahangaikie.

Sasa tufike kwenye mpangilio wa maneno, ambao kwa maoni yangu unastahili mazoezi kuliko yote. "Take off your coat" na "Take your coat off" zote ni sahihi. Hata hivyo, mkiweka kiwakilishi mahali pa koti, ni lazima kikae katikati: "Take it off". "Take off it" ni kosa. Msemaji wa Kiswahili asilione jambo hili kuwa geni, kwa maana katika "nimelivua" kiambishi "li" kinachosimamia koti nacho hukaa ndani ya kitenzi, kabla ya mzizi.

Simamisheni video hapa, mfasiri sentensi hii: "She took her glasses off and took off."

"Took off" ya kwanza ina shamirisho, miwani, kwa hiyo alivua. Ya pili haina, na kiima ni mtu, kwa hiyo aliondoka. Jibu ni: "Alivua miwani yake, akaondoka ghafla."