Mama mdogo na basi la saa sita

Haya jamani tuanze, wa nyuma sogeeni mbele huku viti vipo, leo hamna maiki ni koo tu. Nimeambiwa niongelee namna ya kutengeneza saiti na apu ambayo mtu akiitumia haimchoshi, slaidi niliandaa lakini projekta imegoma, kwa hiyo tupige stori.

Kwanza mlango huo mlioingilia. Nilikaa hapa nawaangalia, kila anayekuja anauvuta, haufunguki, anasoma karatasi ya "SUKUMA", anacheka kidogo kwa aibu ndo anaingia. Unajua kwa nini wanavuta? Una mshikio, na mshikio unamwambia mkono vuta. Milango ya hivi wadizaini wanaiita milango ya Norman, kwa jina la Don Norman, Mmarekani mmoja aliyeandika kitabu mwaka 1988 kuhusu vitu vya kila siku vinavyotuchanganya. Ukiona kitu kimebandikiwa karatasi ya maelezo ujue kilishashindwa kujieleza chenyewe.

Sasa mama mdogo. Mwaka jana alikuwa anaenda Singida, nikamkatia tiketi mtandaoni, kampuni siitaji. Meseji ikaja, nikamtumia, Kiswahili safi kabisa: "Muda wa kuondoka: saa 6:00". Mama mdogo akasoma akaona asubuhi yote ni yake, akafua, akapika, saa nne na nusu yupo stendi ya Magufuli pale Mbezi na begi lake na ndoo ya dagaa. Basi lilishaondoka saa kumi na mbili alfajiri! Hela haikurudi, na yule kijana wa dirishani akamwambia mama tatizo hukusoma vizuri.

Alisoma vizuri sana. Saa 6 kwa Mswahili ni jua la utosi au usiku wa manane, basi, sisi tunahesabu tangu kunapokucha. Aliyetengeneza ile saiti alichukua 06:00 ya kompyuta akaipachikia neno "saa" mbele, maneno yakatafsiriwa halafu saa yenyewe ikabaki ya Kizungu. Na kinachoniuma ni kwamba huyo developa ni mwenzetu tu, nyumbani kwake anasema tuonane saa kumi na mbili, akifungua laptopu anaandika 6:00, wala hashtuki.

Kwa hiyo mi nikiletewa malalamiko kwamba mayuza, yaani watumiaji, hawaelewi, naenda moja kwa moja kuangalia tumewauliza nini. Chukua namba ya simu. Mtu anaandika kwa sifuri saba, apu inasema si sahihi. Anaandika kwa 255, si sahihi. Anaweka alama ya kujumlisha, bado. Kumbe inataka aanzie kwenye 7 na hakuna mahali imesema. Kufuta sifuri na kuongeza 255 ni code, yale maelekezo tunayoiandikia kompyuta, ya mistari miwili mitatu, kompyuta haichoki, wewe unamchosha binadamu kwa sababu ya uvivu wako wa dakika tano.

Mnanicheka ila angalieni M-Pesa. Majaribio ya Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo, watu wenyewe wakaanza kuitumia kurushiana hela, na waliokuwa wanaisimamia hawakusema hapana mnatumia vibaya, ilipozinduliwa Machi 2007 ikatoka kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Na menyu zile za nyota na reli tunazodharau, skrini moja haizidi herufi 182, hamna picha hamna rangi, lakini bibi na kitochi chake anatoa hela. Kila skrini inauliza swali moja. Na kabla hela haijaenda linatokea jina la mpokeaji, hapo ndo moyo unatulia, maana namba kumi ukikosea moja huioni ila jina la mtu usiyemjua utaliona tu.

Halafu mnakuja nyie na apu ya kisasa, mtu anasubiri namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS, anatoka kwenye apu akaisome, simu yake memori ndogo, Android inaua apu yako huko nyuma kupata nafasi, anarudi anakuta fomu nyeupe aanze upya jina, namba, tarehe ya kuzaliwa. Hiyo huioni kwa sababu wewe unatesti kwenye simu yenye memori ya kumwaga. Hifadhi alichoandika, namba hiyo ijisome yenyewe kutoka kwenye meseji ikiwezekana. Na punguza mapicha, mtu kanunua bando la MB chache halafu ukurasa wako unafungua na picha ya Wazungu wanashikana mikono.

Kitu kingine kidogo, mtu akibonyeza "Lipa" jibu haraka. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya ya urahisi wa kutumia saiti na programu, alishaandika zamani, sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu anaona kitu kimeitika papo hapo, ikifika sekunde 1 anaanza kuona anasubirishwa, ikifika 10 akili imeshahama. Ukikaa kimya ataibonyeza tena, na tena, halafu kesho anakupigia kwamba amekatwa mara mbili. Batani izimike, iandike "Inatuma…", imeisha hiyo.

Na maneno jamani. "Wasilisha" nani anaongea hivyo? Andika "Tuma". Mi naenda kwa wakala pale mtaani nakaa kwenye benchi nasikiliza watu wanavyoomba huduma, wakisema "kutoa" naandika kutoa, sijawahi kumsikia mtu anasema "nataka kufanya muamala wa utoaji".

Haya swali, wewe wa fulana ya njano. Anauliza sasa saa tuandikeje, maana kuna wageni nao wanapanda basi. Swali zuri. Usiweke namba peke yake. Sisi tulichora kwenye karatasi, hata code hatujaandika, juu tukaweka "Kesho Jumanne, saa 12 asubuhi", chini kwa maandishi madogo "06:00 AM" kwa mgeni, halafu mstari wa tatu "Fika stendi saa 11 na nusu alfajiri". Nikampelekea mama mdogo jikoni, sikumwelezea kitu, nikanyamaza, kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote. Akasoma akasema aa, hili la alfajiri, itabidi nilale Mbezi kwa shoga yangu. Kisha akageuza ile karatasi nyuma, akairudisha mbele, akaniuliza, na ndoo ya dagaa wanatoza shilingi ngapi, mbona hamjaandika?